Jaketi la swedi, mafuta ya ndafu na sabuni ya unga: wakuu, bado linaokoleka?

#1 Mjomba wa Sanawari

Habari za jioni wakuu.

Nipo Arusha. Nina jaketi la swedi rangi ya karanga, nililiokota soko la Kilombero asubuhi moja belo likiwa ndiyo kwanza linakatwa kamba. Elfu thelathini na tano, bitana nzima, zipu nzima, na ukipitisha kidole linaacha mstari. Wanaojua wameshanielewa. Baridi ya mwezi wa saba ya hapa mjini nilikuwa siiogopi tena.

Jumamosi tulikuwa Machame kwenye harusi ya shemeji. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipoletwa nikaitwa kusaidia kushika sinia. Aliyekuwa anakata alikuwa na furaha kuliko kisu chake. Tone la mafuta likaruka kifuani upande wa kushoto, likafuata la pili, na mimi kwa haraka nikachukua tishu nikasugua. Lilikuwa doa la ukubwa wa shilingi mia, likawa la ukubwa wa kiganja. Njiani kurudi, manyunyu.

Nikafika nikalala. Mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, akalitia jaketi kwenye beseni na sabuni ya unga, akasugua lile doa kwa brashi ya kufulia, akalianika kambani jua la saa sita. Nimeamka nimekuta kitu kigumu kama ngozi ya ngoma. Ukilisimamisha sakafuni linasimama lenyewe. Doa la mafuta bado lipo, na sasa limezungukwa na duara la maji lenye ukingo mweusi. Kwapani kumejikunja.

Sijamgombeza, maana mwaka mzima ananifulia bila kudai hata soda. Naombeni msaada. Linaokoleka, au nilikatekate nitengeneze pochi?

#2 Chalii Mianzini

Pole mazee. Ila hilo limeshakuwa ngoma, tafuta mpigaji tu.

#3 Kaka Dizeli

Petroli kidogo kwenye pamba, futa doa, kwisha habari. Mafuta yanaondolewa na mafuta. Gereji tunafanya kila siku.

#4 Fundi Kwata

Mjomba, kabla hujasoma chochote, weka hiyo petroli mbali. Itaeneza doa, itakwangua rangi, na jaketi litanuka kituo cha mafuta mpaka Krismasi. Halafu mtu anakaa nalo karibu na jiko la mkaa. Hapana.

Mimi nipo Moshi, nashona na kukarabati ngozi mwaka wa kumi na saba huu, na kabla ya hapo nilibeba ngozi mbichi kiwandani. Ngoja nieleze kilichotokea ndani ya hilo jaketi, maana ukijua hilo utajua cha kufanya bila kumwuliza mtu.

Ngozi ina pande mbili. Kuna upande wa nje, ulioota manyoya ya mnyama, na upande wa ndani uliokuwa umeshika nyama. Kiatu unachokipiga kiwi kikang'aa kinaonyesha upande wa nje. Swedi ni upande wa ndani, umekwanguliwa kwa msasa mpaka nyuzi zake zikasimama kama malaika wa mkono wa mtoto. Mara nyingi ni ya kondoo, mbuzi au ndama. Ngozi nene ya ng'ombe nayo hupasuliwa kama kitabu: ganda la juu linakwenda kwenye ngozi laini ya kung'aa, la chini linakuwa swedi. Sasa ona, lile ganda la nje ndilo ngao. Swedi haina ngao. Tone la mafuta likitua linazama papo hapo kati ya malaika, na ukisugua unalisukuma ndani zaidi.

Halafu ugumu. Ngozi ikishaiva kiwandani hunyweshwa mafuta maalumu ili nyuzi ziteleze, zisishikane. Sabuni ya unga imeyatoa hayo pamoja na uchafu. Jua la saa sita likamalizia: nyuzi zimekauka zikiwa zimegandana. Haijafa hiyo ngozi. Kule kiwandani tulikuwa tunapima ngozi iliyoiva kwa dawa ya kromi kwa kutupa kipande kwenye maji yanayochemka. Kisipojikunja, imeiva. Kwa hiyo si kitu cha kufa kwa beseni moja. Ila hapo kwapani palipojikunja, sikuahidi kitu.

Geuza ndani utafute lebo, uniambie ina alama gani.

#5 Binti Memorial

Mimi nauza majaketi pale soko la Memorial, Moshi, na kila siku naletewa "swedi" ambayo si swedi. Kuna kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachoiga swedi, Wajapani walikitoa mwaka 1970, kizuri tu, hata viti vya magari ya bei mbaya vinafunikwa nacho. Kile kinafuliwa na hakina neno. Sasa kabla ya kuhangaika, Mjomba, angalia ukingo uliokatwa, chini ya mfuko au kwenye pindo. Ngozi ina nyuzi za hovyohovyo, hazina mpangilio. Kitambaa cha kuiga mara nyingi utaona kina mgongo uliofumwa. Dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana: swedi inakunywa na kuwa nyeusi kidogo. Sokoni wengine wanachoma uzi mmoja kwa kiberiti, ukinuka nywele zilizoungua ni ngozi, ukiyeyuka na kuwa kidonge ni plastiki. Mimi kiberiti sipendi, nimeshaona mteja akitoboa mkono wa jaketi ambalo hajalilipia.

#6 Mjomba wa Sanawari

Nimeangalia chini ya mfuko. Nyuzi za hovyohovyo kabisa. Lebo imefifia, nimeona duara lililopigwa msalaba na beseni lililopigwa msalaba. Mdogo wangu amesoma uzi wote, anamshukuru Binti Memorial kwa kujaribu kumtetea.

#7 Binti Memorial

Mwambie hata nisingemtetea, kitambaa hakigandi hivyo. Lingesimama lenyewe basi lingekuwa la saruji.

#8 Fundi Kwata

Duara lenye msalaba maana yake hata drai klina wa kawaida halimhusu, ni la mtu wa ngozi. Na beseni lenye msalaba ndiyo hilo mdogo wako hakuliona. Sasa twende taratibu, na naomba usichanganye mpangilio.

Usianze na doa. Anza na ugumu. Tafuta chupa ya kunyunyizia, ile ya saluni, weka maji safi tupu. Simama hatua moja kutoka kwenye jaketi, nyunyiza kama ukungu, siyo kama mvua. Na hapa ndipo watu wanapokosea: wanalowesha lile duara peke yake. Lile duara limetokana na nini? Maji yaliingia katikati, yakatembea kwenda pembeni yakibeba uchafu na rangi, yakakaukia pale yakauacha mzigo mpakani. Ukilowesha nusu tena unatengeneza mpaka mwingine. Kwa hiyo nyunyiza kipande kizima cha mbele, kutoka mshono wa bega mpaka pindo, kutoka zipu mpaka mshono wa ubavuni, kiwe na unyevu mmoja. Maji yakifika mshononi hayana pa kuchora ramani.

Chukua taulo jeupe. Nasema jeupe, la rangi litakupa rangi. Gandamiza, inua, gandamiza. Usisugue. Kisha jaza mabega na mikono kwa karatasi nyeupe, siyo gazeti, maana wino wa gazeti unahamia. Tundika kwenye henga pana chumbani, dirisha wazi. Si juani, si karibu na jiko, na siyo nyuma ya friji, nawajua nyinyi.

Likiwa bado na unyevu kidogo, kama nguo ya kupiga pasi, likande kwa mikono. Shika hapa na hapa, vuta taratibu, sokota kidogo, achia. Dakika kumi, liache, rudi tena. Bibi zetu walilainisha ngozi ya kulalia hivyo hivyo kwa kuisugua mikononi siku nzima huku wanapiga soga. Lisikauke bila kukandwa, litarudi ngoma.

Likikauka kabisa, hapo sasa brashi. Ipo ya waya laini wa shaba nyeupe au ya njano, madukani ya viatu utaipata. Kama huna, mswaki wa zamani uliokauka. Piga kwanza kinyume na malaika ili wasimame, kisha maliza upande mmoja, wote walale kwa pamoja. Sehemu iliyogoma na kung'aa kama kioo, pitisha msasa ule laini kabisa mara mbili tatu, mkono mwepesi, kana kwamba unafuta machozi ya mtoto.

Mafuta nitakuambia ukimaliza hili.

#9 Kaka Dizeli

Naona nimeachwa. Haya, mafuta anatoaje bila petroli?

#10 Fundi Kwata

Kwa unga, kaka. Kornflawa ya jikoni. Siyo sembe, sembe ina chenga. Poda ya mtoto ya mahindi nayo inafaa. Laza jaketi mezani, mwagia doa mpaka lisionekane, gandamiza kwa kiganja, ondoka. Ulale. Unga unakunywa mafuta. Asubuhi utaukuta umeshikana vijibonge vya rangi ya siagi, upige brashi, urudie usiku unaofuata. Unajua umemaliza pale unga utakapotoka mkavu na mweupe kama ulivyouweka. Tone bichi linaweza kutoka usiku mmoja. La Mjomba limesuguliwa, limeloweshwa na kuanikwa, asitegemee chini ya mara tatu.

Likibaki kivuli, siki nyeupe kidogo kwenye kitambaa cheupe, gusagusa juu tu, acha ikauke, brashi. Harufu inaondoka yenyewe.

#11 Kaka Dizeli

Siki nayo inakula rangi. Nimeona kwenye viatu vya mke wangu vya zambarau, pamebaki kama paka kalamba.

#12 Fundi Kwata

Hapo umesema kweli na sibishi. Rangi kali, nyekundu, zambarau, buluu, huwa zinatoka kirahisi. Ndiyo maana siki, spiriti, chochote kile, kinajaribiwa kwanza ndani ya pindo au chini ya kola, unasubiri kikauke, ndipo unaamua. Rangi ya karanga ya Mjomba haina shida sana.

#13 Chalii Mianzini

Swali la msingi. Kwa nini inaitwa swedi? Baba mkubwa wangu anaitwa Swedi na ana roho ngumu kama buti.

#14 Fundi Kwata

Wafaransa waliziita glovu laini zilizotoka Uswidi "gants de Suède", yaani glovu za Uswidi. Glovu zikasahaulika, nchi ikabaki kuwa jina la ngozi. Baba mkubwa mpe shikamoo yangu.

#15 Mgumu wa Barafu

Mimi ni mpagazi mlimani Kilimanjaro, nimeingia kwenye uzi kwa sababu ya viatu. Wageni wakishuka huwa wanatuachia mabuti, na mengi ni haya ya malaika-malaika. Pea yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Tulishuka Mweka mvua imetunyeshea tangu asubuhi, matope mpaka kwenye kifundo. Nikafika nyumbani nikayaosha kwenye karai, nikayaweka pembeni ya jiko la mkaa usiku. Asubuhi pua ya soli imefunguka kama mdomo wa samaki na ngozi juu ya vidole imepasuka. Buti lililofika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, likafia jikoni kwetu.

Siku hizi matope siyagusi yakiwa mabichi. Nayaacha yakauke mpaka yapasuke, naligonga buti kwa buti nje, yanadondoka vipande. Yanayobaki yanakwenda na brashi. Ukifuta tope bichi unalipaka. Natoa soli ya ndani, kamba nazifua peke yake, najaza karatasi za kufungia mandazi nabadilisha zikilowa. Siku mbili kivulini. Nikiwa na safari kesho yake, bora nivae yenye unyevu kuliko kuyasogeza motoni.

#16 Fundi Kwata

Umesema vizuri mgumu, ila kwa kumbukumbu za uzi: mabuti mengi ya mlimani ni nubaki, siyo swedi. Nubaki ni ule upande wa nje uliopitishwa msasa kidogo tu, malaika wafupi, inavumilia zaidi. Utunzaji unafanana. Na soli kufunguka ni gundi, moto unailainisha.

#17 Dada Kiboriloni

Wakuu nisiondoke bila kuuliza. Sandali zangu za swedi zimekanyaga bablishi, na pembeni mtoto kachora kwa kalamu ya wino. Na zile safari buti za mume wangu, za Bata, shushaina mmoja kazipiga kiwi ya maji nyeusi akasema zitang'aa.

#18 Binti Memorial

Bablishi: barafu kwenye mfuko, weka juu dakika kumi mpaka igande kama jiwe, ing'oe kwa kijiko, mabaki pitisha ufutio. Ufutio mweupe wa shule usio na rangi, siyo ule mwekundu na buluu. Na hata ganda la mkate uliokauka linafuta alama ndogo, usicheke, jaribu. Wino ni spiriti ya hospitali kwenye ncha ya pamba ya masikio, unagusa unabadilisha pamba, usitembeze. Utapungua, kutoka wote ni bahati.

Safari buti, pole. Kiwi imegundisha malaika wote. Sasa ni viatu vya kung'aa, azivae hivyo hivyo na suruali nyeusi.

#19 Mama Njiro

Nyote mnazungumzia madoa, mimi naomba nizungumzie kabati. Nina mkoba wa swedi wa kijani niliouweka tangu Februari kwenye mfuko wa plastiki, nikajiona mtunzaji. Masika ikapita. Mwezi wa sita nautoa una ukungu mweupe kama mkate wa wiki mbili. Rambo zilipigwa marufuku tangu 2019 lakini kabatini kwangu zilikuwepo, zikanikomesha.

Nilichofanya: niliupeleka nje kabisa, mbali na nguo, nikapiga brashi ukungu wote huku nimefunga kitambaa puani, nikafuta kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu kilichokamuliwa, nikauacha kibarazani kwenye upepo kivuli siku mbili. Brashi yenyewe nikaiosha kwa maji ya moto. Ukatoka, harufu ikachukua muda.

Sasa hivi kila kitu cha swedi kinalala ndani ya foronya ya pamba. Inapumua. Ndani natupia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Na marashi napulizia kabla ya kuvaa, siyo juu ya nguo, maana kwenye kola ya koti la dada yangu yaliacha alama mbili kama macho.

#20 Kaka Dizeli

Mama, ile dawa ya kupuliza ya kuzuia maji vipi? Wanauza mjini.

#21 Mama Njiro

Ninayo. Nje, mbali kidogo, tabaka jembamba, ikikauka unarudia, kesho yake ndiyo unavaa. Inakupa muda wa kukimbia manyunyu. Mvua ya Aprili ya Arusha haiijui.

#22 Mjomba wa Sanawari

Mrejesho, siku ya tisa.

Jioni ya kwanza tulinyunyiza kama alivyosema Fundi, mshono mpaka mshono. Moyo uliniuma kuliona jaketi zima la mbele limekuwa jeusi, nikajua nimeua. Tukagandamiza na taulo. Taulo likatoka na rangi ya chai ya rangi. Tukalikanda kwa zamu, mimi na mdogo wangu, kila mmoja ameshika upande wake kama watu wanaokunja shuka. Mpaka taarifa ya habari ya saa mbili inaisha lilikuwa linakunjika kwenye kiwiko. Asubuhi halikusimama tena sakafuni, lilianguka. Nilishangilia nguo kuanguka.

Duara la maji limeondoka kwa asilimia kubwa, ukingo mweusi haupo.

Unga: usiku wa kwanza ulitoka vijibonge vya njano kweli, vinanuka ndafu. Sitanii. Usiku wa pili vichache. Wa tatu mweupe. Wa nne niliweka kwa woga tu. Siki nilijaribu chini ya kola kwanza, rangi ikasimama, nikapitisha. Mchana ukisimama mbele yangu huoni kitu. Jioni, taa ikitokea pembeni, kuna kivuli cha kiganja hapo kifuani. Nimekubali kuishi nacho.

Mabega yalikuwa yanang'aa, msasa laini ulifanya kazi, ila mkono wa kulia nilijisahau nikakandamiza, pamekuwa pepesi kuliko pengine. Kosa langu, siyo la Fundi.

Kwapa halijarudi. Nikiinua mkono kupungia daladala jaketi lote linapanda.

Mdogo wangu amejinunulia mswaki mpya, maana ule wake wa zamani ndiyo brashi yetu sasa.

#23 Chalii Mianzini

Kwa hiyo ngoma imekosa mpigaji. Hongera mazee.

#24 Fundi Kwata

Umefanya kazi. Kwapa usilivute, utachana. Niletee Moshi, nitafumua mshono wa ubavuni niingize kipande cha pembe tatu, nina swedi ya mbuzi ya rangi inayokaribiana. Haitaonekana ukishusha mkono. Lilete ndani ya foronya.

#25 Mjomba wa Sanawari

Jumamosi nitapita. Tumeitwa tena Machame, safari hii kipaimara, na wameshaniambia mimi ndiye wa sinia. Jaketi nitaliacha kwako kwanza, nipande na sweta.